Uzi maalumu: Malini Fonseka, malkia wa sinema ya Kisinhala. Kazi zake, pa kuanzia, na namna ya kupata nakala inayotazamika

#1 Mdau wa Kikwajuni

Wakuu, salaam. Sri Lanka ikitajwa humu jukwaani mazungumzo huishia kwenye chai na kriketi. Leo tuweke uzi wa sinema yao, na tuanze na mwanamke ambaye kule hata asiyetazama sinema anamjua: Malini Fonseka.

Alizaliwa 30 Aprili 1947, Peliyagoda, kando ya mto Kelani, mlangoni kabisa mwa Colombo. Miezi mitatu kabla yake, 21 Januari 1947, ndipo ilipoonyeshwa Kadawunu Poronduwa, filamu ya kwanza kuzungumza Kisinhala. Yeye na sinema ya kwao ni rika moja. Amefariki 24 Mei 2025 akiwa na miaka 78, na serikali ikamuaga kwa heshima za kitaifa tarehe 26 pale Independence Square, Colombo.

Alianzia jukwaani mwaka 1963, katika tamthilia ya Noratha Ratha. Kwenye filamu aliingia 1968 kwa Punchi Baba ya mwongozaji Tissa Liyansuriya. Tangu hapo hesabu inapita filamu 140. Mwaka 2010 CNN ilimweka kwenye orodha yake ya waigizaji 25 bora wa filamu wa Asia wa nyakati zote, orodha ambayo ilikuwa imejaa Wajapani, Wahindi na Wachina.

Hoja yangu kwenye uzi huu ni moja. Malini alifanya kazi mbili kwa wakati mmoja: picha za nyimbo na mapenzi zilizojaza kumbi, na picha nzito za waongozaji kina Lester James Peries na Dharmasena Pathiraja ambazo zilitembea kwenye matamasha. Watu wengi wanaandika kana kwamba ile ya pili ndiyo Malini halisi na ile ya kwanza ilikuwa ya kutafuta mkate. Mimi nasema huwezi kuielewa moja bila nyingine. Karibuni.

#2 Tausi Mweupe

Mkuu, swali la kuanzia: huyu na Gamini Fonseka ni ndugu? Kila nikitafuta jina moja linakuja na la pili.

#3 Mdau wa Kikwajuni

Hapana, hawana undugu. Fonseka ni jina la Kireno. Wareno hao hao waliojenga Fort Jesus ndio walioshika pwani ya Ceylon (jina la zamani la Sri Lanka), wakaacha majina: Fonseka, Perera, Fernando, de Silva, Dias. Ukanda wote wa Colombo hadi Negombo umejaa majina hayo, kwa hiyo usijenge ukoo kwa kusoma jina la mwisho tu.

Gamini (1936 hadi 2004) alikuwa steringi wa kiume namba moja wa zama zake. Wameigiza pamoja mara nyingi, na kubwa kuliko zote ni Nidhanaya, ambamo ni mume na mke.

Kwenye kutafuta, kumbuka jina lake linaandikwa kwa herufi za Kilatini kwa namna mbili, Malini na Malani, kwa sababu Kisinhala chenyewe huandika මාලනී ෆොන්සේකා. Nakili hayo maandishi uyabandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Utapata vitu ambavyo kwa herufi zetu havionekani kabisa. Majina ya filamu vilevile:

නිධානය (Nidhanaya)
අක්කර පහ (Akkara Paha)
බැද්දේගම (Beddegama)
බඹරු ඇවිත් (Bambaru Avith)
ආකාස කුසුම් (Akasa Kusum)

#4 Bara Hindi

Naunga mkono hoja ya Mdau, na niongeze upande wa picha za nyimbo kwa sababu ndio unaodharauliwa.

Sinema ya Kisinhala ilizaliwa kwenye studio za India Kusini. Hiyo Kadawunu Poronduwa ilitayarishwa na S. M. Nayagam, Mtamil, ikaongozwa na Jyotish Sinha, Mhindi, na ikapigwa huko huko India Kusini. Hadithi ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa B. A. W. Jayamanne. Kwa miaka karibu kumi mtindo ukawa huo: hadithi na nyimbo za kuiga filamu za Madras, India Kusini, kila kitu ndani ya studio, miti ya mbao na mbalamwezi ya taa. Aliyekulia kwenye picha za Kihindi za kumbi za Empire au Majestic ataitambua mara moja: mapenzi, mzazi mkali, mchekeshaji, adui mwenye masharubu, na nyimbo sita au saba.

Mwaka 1956 Lester James Peries akatoa Rekava, akatoka na kamera nje, kijijini, mchana kweupe, na 1957 ikaenda tamasha la Cannes. Nyumbani haikuuza. Mnajua hiyo maana yake nini? Soko liliendelea na nyimbo, na anayetaka kuishi kwa uigizaji alilazimika kujua nyimbo.

Sasa kazi ya wimbo ilikuwa hivi. Wimbo hurekodiwa kwanza studio na mwimbaji wa kazi hiyo; upande wa wanawake walitawala sauti kama Latha Walpola na Sujatha Attanayake. Siku ya kupiga picha sauti inachezwa kwa spika, kamera inazunguka fremu 24 kwa sekunde, na mwigizaji anafuatisha mdomo. Hakuna maikrofoni inayorekodi chochote cha maana pale. Kosa la wageni wa kazi ni kufungua mdomo tu bila kutoa sauti. Kamera ikisogea karibu unaona shingo imelala, kifua hakipandi, na pumzi inavutwa katikati ya neno wakati mwimbaji alivuta mwisho wa mstari. Dawa yake ni kuimba kweli kwa sauti hata kama unaimba vibaya, maana sauti yako haitumiki, na kujifunza pumzi za mwimbaji mstari kwa mstari.

Mtazame Malini kwenye wimbo wowote wa miaka ya 70, uzime sauti kabisa. Shingo inafanya kazi, pumzi ziko mahali pake, na macho yanaanza kubadilika kabla ya mstari, halafu mdomo ndio unafuata. Hicho ndicho alichokuja kukitumia kwenye picha ambazo hazina wimbo hata mmoja.

#5 Jiwe la Kahama

Mimi napinga kidogo. Filamu 140 na zaidi, ukiondoa kumi na tano zinabaki mapenzi ya kurudiarudia. Tusipambe. Mtu mwenye kipaji kile angefanya kama Swarna Mallawarachchi, aliyeanza 1966 na Sath Samudura, akachagua kazi chache nzito hadi kufikia Dadayama ya 1984. Filamu chache, lakini kila moja ina uzito.

#6 Bara Hindi

Kahama, Swarna namheshimu sana na Dadayama haina mfano wake. Lakini angalia mpangilio wa soko. Mwaka 1972 serikali iliunda Shirika la Filamu la Taifa, likashika uagizaji na usambazaji wa filamu nchi nzima. Filamu ikishakamilika inaingia foleni kusubiri zamu ya kumbi. Mtayarishaji aliyeweka fedha zake anataka jina litakalojaza ukumbi zamu yake ikifika. Jina hilo lilikuwa Malini. Pathiraja alipotaka kutengeneza Bambaru Avith, picha kuhusu wavuvi isiyo na mwisho wa furaha, kuwa na Malini na Vijaya Kumaratunga kwenye bango ndiko kulikomfungulia mlango. Watu waliingia kwa ajili ya nyota wao, wakakuta kitu kingine. Asingekuwa na zile za mapenzi, bango hilo lisingekuwa na nguvu.

#7 Jiwe la Kahama

Hilo la bango nakubali. La kurudiarudia sikubali bado, ila tuendelee.

#8 Mwana Kizingo

Tuingie Nidhanaya, maana ndiyo wengi wataanza nayo. Jina maana yake ni Hazina.

Lester aliwatengenezea kampuni ya Ceylon Theatres filamu tatu mfululizo: Golu Hadawatha, Akkara Paha na Nidhanaya. Malini yumo katika mbili za mwisho. Nidhanaya imetoka kwenye hadithi fupi ya G. B. Senanayake, mswada ni wa Tissa Abeysekara, kamera M. S. Anandan, muziki Premasiri Khemadasa. Mwaka 1972 ilionyeshwa tamasha la Venice ikapata tuzo ya Simba wa Fedha wa Mtakatifu Marko, na 1997, sinema ya Kisinhala ilipotimiza miaka 50, ikachaguliwa kuwa filamu bora ya nusu karne hiyo.

Kisa: Willie Abenayake (Gamini) ni wa ukoo wa kibwanyenye uliofilisika zama za Waingereza. Amesoma kwenye maandishi ya kale kwamba kuna hazina imefukiwa kwenye mwamba, na haitoki mpaka itolewe kafara ya msichana bikira mwenye alama fulani za kuzaliwa shingoni. Anakutana na Irene (Malini), anaziona zile alama, anamposa. Hadithi nzima anaisimulia Willie mwenyewe, kwa hiyo wewe mtazamaji unajua tangu mapema. Irene hajui.

Ugumu wa nafasi hiyo uko hapo. Mwigizaji amesoma mswada na anajua atauawa. Mhusika hajui lolote. Mwigizaji wa kawaida huvuja: anaweka huzuni kidogo machoni, anageuka mlango ukilia, anampa mume jicho la mashaka. Malini hakuvujisha kitu. Irene wake ni mke anayefurahia nyumba yake. Anatembea polepole kwenye ile nyumba kubwa ya giza, anamhudumia mume, anajibu kwa maneno machache. Kwa kuwa hana hofu hata chembe, hofu yote inakuangukia wewe uliyekaa kwenye kiti. Akipanda kule kwenye mwamba na maua ya ibada mikononi, tazama mikono yake: inapanga maua kwa uangalifu wa mtu mwenye muda wa kutosha.

Na kuna hesabu ya shingo. Kwa sababu kisa chote kiko shingoni, Anandan anaipiga ile shingo mara kwa mara, na nywele zimefungwa juu. Malini alikuwa na miaka kama 23 tu. Kukaa na kamera nyuma ya shingo yako, bila uso kuonekana, na bado mtu ajue unawaza nini, hilo halifundishwi kwa wiki moja.

#9 Tausi Mweupe

Mbona mahali pengine naona Nidhanaya ni ya 1970 na pengine 1972? Na Akkara Paha nayo 1969 na 1970.

#10 Mwana Kizingo

Kwa sababu kuna mwaka wa kukamilika na mwaka wa kuingia kumbini, na orodha nyingi zinachanganya. Baada ya 1972, foleni aliyoitaja Bara Hindi ilizidisha hali hiyo. Filamu iliweza kukaa miaka ikisubiri zamu. Ukiandika makala, chagua kipimo kimoja na ukiseme mwanzoni. Ukikuta mtu anadai mwigizaji "alitoa filamu tisa mwaka fulani", uliza kwanza kama zilipigwa mwaka huo au zilitoka mwaka huo. Ni tofauti kubwa.

#11 Chumbageni

Beddegama isisahaulike (1980, Lester tena). Imetoka kwenye riwaya ya 1913 ya Leonard Woolf, Mwingereza aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni wilaya ya Hambantota kati ya 1908 na 1911. Kusini kule ni nyika ya ukame, mvua zikikosa ni njaa. Si ile Sri Lanka ya kijani ya kadi za posta.

Malini ni Punchi Menika, binti wa mwindaji Silindu. Silindu ni Joe Abeywickrama, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya Joe. Vijaya Kumaratunga ni Babun, mume wa Punchi Menika. Mkuu wa kijiji na mkopeshaji wanaibana ile familia kwa madeni, vibali na kesi ya kusingiziwa, mpaka kila kitu kinavunjika. Hakimu wa Kizungu kwenye filamu ni Arthur C. Clarke, yule mwandishi wa hadithi za anga, aliyekuwa mkazi wa Sri Lanka. Si mwigizaji, na inaonekana, lakini ule ukavu wake unafaa: hakimu asiyeelewa lugha ya mshitakiwa wala kijiji chake.

Tazameni Malini anavyoutumia mwili. Mwanzoni anachuchumaa na kuinuka kwa wepesi wa msichana. Kadiri ukame na kesi vinavyoendelea, anainuka kwa hatua mbili: mkono gotini kwanza, kisha mwili. Hakuna vipodozi vya kuzeeka vya kupindukia. Halafu sauti inashuka, maneno yanapungua. Msichana wa mjini wa Peliyagoda anakuwa mtu wa porini na hushtuki.

#12 Ngazija

Bambaru Avith nayo (1978, Pathiraja). Jina ni "Nyigu Wamekuja". Imepigwa Kalpitiya, rasi ya wavuvi kaskazini-magharibi. Tajiri kijana wa mjini (Vijaya) anaingia kijijini na wenzake kununua samaki, anaharibu bei ya mchuuzi wa pale (Joe Abeywickrama), na anamharibu Helen (Malini) pia. Msichana wa kijiji anampenda mgeni, kijiji kinawaka. Anayetoka pwani yoyote ataelewa biashara ile bila sabtaito: nani ana barafu, nani ana gari, nani anapanga bei mashua zikishafika ufukweni na samaki wanaanza kulegea.

Kwa wana Afrika Mashariki kuna jambo la pembeni. Kalpitiya iko wilaya ya Puttalam, na karibu na mji wa Puttalam kuna kijiji cha Sirambiadiya, ambako wanaishi Wasri Lanka wenye asili ya Afrika, wazao wa watu waliopelekwa na Wareno, Waholanzi na Waingereza kama watumwa na askari, wengi kutoka upande wa Msumbiji. Wana ngoma na nyimbo zao, manja, zenye maneno ya Kireno cha mchanganyiko. Hawamo kwenye filamu, lakini ni majirani wa ile pwani unayoiona.

#13 Jiwe la Kahama

Ngazija, hapo kwenye Bambaru Avith ndipo hoja ya bango inaponishika kweli. Helen anaanza kama steringi wa kike wa picha ya mapenzi, na Vijaya vilevile, sura nzuri, upepo wa bahari. Hadhira ya 1978 ilikuwa inasubiri wimbo na ndoa. Pathiraja anatumia mazoea hayo hayo kuwanasa.

#14 Ngazija

Hapo sasa tunaongea lugha moja mkuu.

#15 Projekta Kuukuu

Naona mnajadili sura na shingo, lakini nakala nyingi za mtandaoni haziruhusu kuona hata shingo. Niseme kwa nini, kisha tufanyeje.

Filamu zile zilipigwa kwenye mkanda wa milimita 35. Mkanda huo unakula futi 90 kwa dakika, kwa hiyo picha ya dakika 108 ni futi 9,720, sawa na reli (magurudumu ya kuviringia mkanda) tano za futi 2,000 kila moja. Mkanda wa zama zile ni wa asetati, aina ya plastiki. Kwenye joto na unyevu wa pwani ya tropiki, asetati huanza kuoza na kutoa asidi ile ile ya siki. Ukifungua kopo likanuka siki, kazi imeanza, na asidi inayotoka huongeza kasi ya kuoza, tena huambukiza reli za jirani. Mkanda unasinyaa, ukipungua kama asilimia 1, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya projekta na unapasuka. Kinga ni ubaridi na ukavu: nyuzi chache juu ya sifuri au chini yake, unyevu asilimia 30 hadi 50, na reli zenye siki zitengwe. Kuendesha ghala la namna hiyo saa 24 ni gharama ya umeme ambayo nchi nyingi za kwetu na za kwao zimeshindwa.

Juu ya hapo kuna moto. Julai 1983, kwenye mashambulizi dhidi ya Watamil, Studio ya Vijaya ya Hendala, mali ya mfanyabiashara K. Gunaratnam, ilichomwa na negativu (mikanda asilia ya kutolea nakala) zilizokuwamo zikaungua. Mwongozaji K. Venkat aliuawa siku hizo. Sinema ya Kisinhala ilijengwa kwa sehemu kubwa na fedha na mikono ya Watamil, kwa hiyo ule moto uliteketeza kumbukumbu ya pande zote mbili.

Negativu ikipotea kinachobaki ni nakala za kumbini, zenye mikwaruzo ya kuchezwa mara mia, na kila fundi aliyeunga mkanda uliokatika alipoteza fremu kadhaa. Ndiyo maana utaona mtu anaruka katikati ya sentensi.

Ukarabati wa kweli huenda hivi: kukusanya nakala zote zilizopo na kuzilinganisha reli kwa reli, kuziba matundu na viungo kwa mkono, kusafisha, kuskani kwa 4K (ubora wa juu sana), mara nyingi mkanda ukiwa umeloweshwa kimiminika kinachojaza mikwaruzo isionekane, kuondoa madoa fremu kwa fremu kwenye kompyuta, kusawazisha mwanga, na sauti kutolewa peke yake. Kwa dakika 108 ni fremu 155,520. Hapo ndipo pesa inapoishia. Mei 2025 Gehenu Lamai ya Sumitra Peries (1978) ilionyeshwa Cannes ikiwa imekarabatiwa na Film Heritage Foundation ya Mumbai. Malini hayumo, steringi ni Vasanthi Chathurani, lakini itazameni mjue picha za zama zile zilionekanaje hasa. Ukirudi kwenye nakala ya ukungu utajua cha kuisamehe.

#16 Tausi Mweupe

Mkuu Projekta, nina nakala ambayo nyuso zimekuwa pana kama sinia, na sabtaito zinaanza sawa halafu zinaachwa nyuma. Tatizo nini?

#17 Projekta Kuukuu

Matatizo mawili tofauti.

Nyuso pana: picha ya 4:3 imevutwa kujaza skrini ya 16:9. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi A, kila ukibonyeza inabadilisha uwiano. Simama kwenye 4:3. Kama mistari myeusi imechomwa ndani ya faili yenyewe, juu na chini, huyo aliyepakia amekata vichwa, tafuta nyingine.

Sabtaito kuchelewa: Sri Lanka inatumia PAL, mfumo wa runinga wa fremu 25 kwa sekunde. Filamu ya fremu 24 ikirushwa kwa PAL inachezwa kwa fremu 25, inakimbia kidogo. Dakika 108 zinakuwa kama dakika 103 na sekunde 41. Sabtaito zilizotengenezwa kwa nakala ya fremu 24 zitachelewa sekunde 2.4 kila dakika moja ya sabtaito. Nusu saa tu, zaidi ya dakika nzima. Kusogeza kwa G na H kwenye VLC hakutakusaidia, maana huko kunasogeza zote kwa kiasi kimoja na pengo litarudi. Fungua faili ya sabtaito kwenye programu ya Subtitle Edit, chagua kubadili kasi ya fremu, kutoka 24 kwenda 25, hifadhi. Ukishafanya hivyo ndipo G na H zinafaa kwa marekebisho ya mwisho.

Kama pengo halikui polepole bali linaruka ghafla sehemu moja, hapo si kasi. Wamekata kitu, na mara nyingi ni wimbo. Nakala zilizorekodiwa kutoka runinga hukatwa nyimbo ili ziingie kwenye muda wa matangazo. Gawa faili ya sabtaito pale palipokatwa, usogeze nusu ya pili peke yake.

#18 Tausi Mweupe

24 kwenda 25 imekubali. Shukrani sana.

#19 Chumbageni

Mbali na kuigiza, aliongoza pia: Sasara Chethana (1984), Ahinsa (1987), Sthree (1991). Na runinga ya taifa, Rupavahini, ilipoanza 1982 na kuvuta watazamaji kutoka kumbini, yeye alikuwa miongoni mwa waliohamia huko mapema, mbele na nyuma ya kamera.

Kwenye Kitamil aliigiza na Sivaji Ganesan katika Pilot Premnath (1978), kazi ya ushirikiano wa India na Sri Lanka. Na 2010 hadi 2015 alikuwa mbunge kupitia orodha ya taifa ya muungano wa UPFA. Kule nyota kuingia siasa ni jambo la kawaida: Gamini Fonseka alikuwa naibu spika, na Vijaya Kumaratunga alianzisha chama 1984, akauawa kwa risasi Februari 1988. Kwa Malini ubunge haukuongeza wala kupunguza kitu, kwa mtazamo wangu.

#20 Mama Ukumbi

Swali la uchokozi: kwa nini malkia ni yeye na si Rukmani Devi, aliyetangulia?

#21 Bara Hindi

Rukmani Devi (1923 hadi 1978), jina la kuzaliwa Daisy Rasammah Daniels, Mtamil Mkristo, ndiye steringi wa kike wa Kadawunu Poronduwa, na aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Taifa linamkumbuka kama sauti kwanza. Alitoka kwenye jukwaa la Minerva la kina Jayamanne, ambako unatakiwa usikike hadi kiti cha nyuma, na uigizaji wake una ukubwa huo. Malini naye alitoka jukwaani, lakini alikutana na kamera ya Lester akiwa mdogo na akajifunza kupunguza. Siwapambanishi. Ni shule mbili.

#22 Jiwe la Kahama

Nipeni basi mpangilio wa kutazama, kwa mtu mwenye nafasi ya filamu tano.

#23 Mwana Kizingo

Anza na Bambaru Avith, maana inakwenda haraka na mazingira yake hayakupi shida. Ya pili Nidhanaya, usiku, bila simu. Ya tatu weka picha yoyote ya nyimbo ya miaka ya 70 aliyoigiza na Vijaya au Gamini, hata bila sabtaito. Hadithi utaipata tu. Usiiruke hiyo, ndiyo itakayokuonyesha hadhira ilimjua kwa sura gani. Ya nne Beddegama.

Ya tano Akasa Kusum ya Prasanna Vithanage (2008). Humo Malini ni Sandhya Rani, nyota wa zamani aliyesahaulika, anayekodisha chumba nyumbani kwake kwa waigizaji vijana wanaotaka kukutana kwa siri, huku binti aliyemwacha zamani akirudi na matatizo yake. Ukiitazama kwanza utaona mama mzee mtulivu. Ukiitazama ya mwisho, baada ya hizo nne, utaona Vithanage amechukua uso ambao nchi nzima iliufahamu kwa miaka 40 na kuuacha bila nyimbo, bila taa za studio, anapika chai jikoni na kuhesabu noti za kodi.

#24 Jiwe la Kahama

Na Desa Nisa? Ile ya kipofu aliyeolewa na mwanamume mwenye sura mbaya?

#25 Mwana Kizingo

Ya sita, kama umenogewa. Ni ya Lester na Joe Abeywickrama, 1972, lakini ina mwendo wa ngano na wengine inawachosha. Kazi ya macho ya Malini humo ni nzuri: hafumbi wala hayakodoi, anayaacha yatue pembeni kidogo ya anayezungumza naye. Ammawarune (2006), filamu ya mwisho ya Lester, itazame baada ya hapo.

#26 Mdau wa Kikwajuni

Wakuu, atakayepata nakala ya Akkara Paha yenye sabtaito zinazosomeka aweke taarifa hapa, na aandike urefu wa faili kwa dakika na kasi ya fremu ili wengine wasisumbuke.